Mgeni Analipa Kukuna Nazi, Tusimjengee Tanuri la Pizza

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kaole kukagua minazi iliyoshambuliwa na chonga. Tulipomaliza, kijana mwenye shamba akanivuta kivulini, akatoa simu, akanionyesha video. Bibi mmoja wa Kiitaliano yuko nyumbani kwake shambani, amejifunga aproni, na mbele yake wageni kama wanane wamezunguka meza ndefu ya mbao. Kila mmoja ana unga wake na mayai yake, anakanda. Bibi anapita nyuma yao akiwasahihisha, na mmoja anampiga kofi dogo la mkono kwa sababu anakanda kivivu.

"Bwana shamba, hawa wamelipa?"

"Wamelipa."

"Wamelipa, halafu wanapika wenyewe?"

"Na wengine wamekata tiketi ya ndege kwa ajili hiyo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuwa ananionyesha kichekesho. Kuna mtu wa mjini amemwambia kwamba watalii wanaokuja kuona magofu wangesimama kwake kama angejenga tanuri la pizza na kuwafundisha upishi wa Kiitaliano kama ule wa kwenye video. Alikuwa ameshauliza bei ya matofali ya kuchoma na bati la kibanda, na anafikiria kuuza ng'ombe mmoja. Akaniuliza naonaje.

Nilimwambia asiuze ng'ombe. Tangu siku hiyo wengine wawili wameniuliza jambo hilohilo, mmoja wao mwenye duka, kwa hiyo leo naliandika hapa ili tulijadili wote. Msimamo wangu ni kwamba yule kijana ameona kitu cha kweli, ila ameambiwa aige sehemu isiyo yake. Kinachouzwa pale kwa yule bibi ni shamba lake. Pizza na tambi ni njia tu ya kumfikisha mgeni shambani.

Tuangalie kwanza wenzetu wanafanyaje, maana watu wengi wanaona video tu. Mgeni anafika asubuhi, anapelekwa bustanini kuchuma nyanya na majani ya viungo, anaokota mayai bandani. Kisha wanarudi mezani. Maeneo ya kaskazini kama Emilia-Romagna, tambi zao ni za unga wa ngano na mayai, na kipimo wanachofundishana ni yai moja kwa kila gramu 100 za unga. Unakandwa, unapumzishwa, unasukumwa kwa mti mrefu kuliko wetu wa chapati mpaka uwe mwembamba, unakunjwa na kukatwa vipande virefu. Kule kusini, Puglia, hawaweki hata yai. Ni unga na maji, na kila kipande kinabonyezwa kwa kidole gumba kikawa na umbo la sikio dogo. Baadaye wote wanakaa wanakula walichopika, na wakati wa kuondoka wananunua mafuta ya zeituni, divai au jibini ya shamba lile au la jirani.

Tazameni vizuri hizo tambi za Puglia. Unga, maji na kidole gumba ni chakula cha watu ambao hawakuwa na mayai ya kutupa unga. Wageni wanasafiri mbali kwenda kufundishwa chakula cha masikini, na yule bibi haoni haya kukifundisha. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo sisi tunapokwama.

Waitaliano wanauita utalii huu agriturismo, na haukuanza kama mchezo. Baada ya vita vya pili vya dunia watu wengi walihama vijijini kwenda viwandani, Milano na Torino, nyumba za mashambani zikabaki tupu. Chama cha kwanza cha wakulima wanaopokea wageni, Agriturist, kilianzishwa mwaka 1965. Mwaka 1985 Bunge lao likapitisha sheria ya taifa, na mwaka 2006 likaifuta na kuweka nyingine. Ningependa kila mtu Kaole aijue sheria hiyo, kwa sababu imejibu maswali yetu. Anayeruhusiwa kutumia jina hilo lazima awe mkulima. Kilimo lazima kibaki kazi kubwa, wageni wawe kazi ya pembeni iliyoshikamana nacho. Chakula kinachopakuliwa kitokane zaidi na shamba lenyewe na mashamba ya eneo hilo. Na sheria ya 2006 inasema mkulima anayepokea na kulisha wageni wasiozidi kumi anahesabiwa moja kwa moja kwamba kilimo bado ndiyo kazi yake kuu. Mwenye hoteli hawezi kupanda nyanya mbili mlangoni akajiita mkulima.

Sasa pima ushauri wa tanuri la pizza kwa kipimo hicho. Unga wa ngano ni wa dukani. Jibini ni ya supamaketi Dar es Salaam, inataka jokofu na umeme usiokatika. Mafuta ya zeituni yanatoka nje ya nchi. Hata kuni za tanuri utanunua. Shamba la yule kijana, lenye minazi, mihogo, mbaazi na kuku, halitauza kitu hata kimoja kwenye ile pizza isipokuwa labda nyanya. Na zaidi ya hapo, Bagamoyo mjini kuna hoteli zinazouza pizza kwa anayeitaka. Atamshindaje mpishi wa hoteli kwa chakula cha hoteli?

Mifano ya kuigwa ipo karibu kuliko Italia. Materuni, juu ya Moshi, wakulima wa kahawa wanawapokea wageni mashambani. Mgeni anatwanga kahawa kwenye kinu kutoa maganda, anaikaanga motoni, anaitwanga tena ikawa unga, anaipika, anakunywa. Wanaimba wakati wa kutwanga. Kikombe kile kinampa mkulima fedha, na bado kilo zake za kupeleka ghalani anazo. Unguja, mashamba ya viungo ya upande wa Kizimbani na Kidichi yanafanya hivyohivyo kwa karafuu, mdalasini na iliki, na wengi wanamalizia kwa chakula cha mchana. Hakuna aliyejenga tanuri.

Kaole tuna kitu ambacho wengi wangekitamani: wageni wanakuja wenyewe. Magofu yapo pale, msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, mbuyu. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita kama 70 tu. Lakini nimesimama njiani mara nyingi nikaangalia. Gari linaingia, watu wanatembezwa, wanapiga picha, gari linageuza linarudi mjini kula. Limepita minazi yenu mara mbili na halikununua hata dafu. Swali la maana kwetu ni namna ya kumfanya mgeni huyo abaki saa tatu zaidi, na katika saa hizo fedha yake iguse nyumba nyingi kadiri inavyowezekana.

Nilipomwambia kijana hivyo, jibu lake lilikuwa, "Sasa Mzungu nimfundishe nini, wali wa nazi?"

Ndiyo. Hebu fikiria kazi iliyomo ndani ya wali wa nazi kwa mtu ambaye nazi anaijua ya kopo. Mkwezi anapanda mbele yake na kuangua. Nazi inafuliwa kwenye kifuo, na mgeni akijaribu atashindwa mara tatu kabla ganda halijaachia. Inavunjwa, maji yanakingwa. Anakalishwa kwenye mbuzi, anakuna, anaambiwa asifike kwenye ganda jeusi. Anakamua kwenye kifumbu tui zito, kisha tui jepesi, anaelezwa lipi linatangulia na kwa nini. Mchele unapembuliwa kwenye ungo, na hakuna mgeni atakayeweza kupepeta siku ya kwanza. Mwishoni makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Pembeni kuna samaki wa kupaka, au kisamvu kilichotwangwa kwenye kinu, au mbaazi. Hiyo ni asubuhi nzima ya kazi na kicheko, na karibu kila kilichotumika kimetoka hapa. Machicha anapewa kuku, mgeni anaona. Kifuu kinakuwa upawa, mgeni anaununua.

Tatizo ni haya. Tumezoea kuona mgeni wa heshima apewe chipsi kuku na soda, na muhogo wa nazi ni wa kula wenyewe mlango umefungwa. Bibi wa Puglia ametushinda kwa hilo tu. Na wanaosema vyakula vyetu si vya asili kiasi cha kufundishwa, niwakumbushe kwamba nyanya ya Mwitaliano ilitoka Amerika, kama muhogo wetu. Waliozikwa pale kwenye magofu ya zamani hawakuujua muhogo. Chakula kinakuwa cha mahali kwa kupikwa pale miaka mingi. Tambi zenyewe, sisi watu wa pwani tunazipika kwa tui, sukari na iliki, hasa mwezi wa Ramadhani, na Mwitaliano akizionja anashangaa zimefanywa nini. Kama kijana anataka lazima kitu cha Kiitaliano, ampikie hizo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Yupo mama mmoja, sitamtaja, aliyewahi kuletewa wageni saba na dalali mmoja. Alipika nao nyumbani kwake tangu saa tatu asubuhi. Alitumia nazi zake tisa na majogoo wake wawili, mchele akanunua. Jioni dalali akampa shilingi 60,000, na mama akashukuru. Wakati wa kuagana mgeni mmoja aliyejua Kiswahili kidogo akamwuliza kama malipo yanatosha, akataja alichotoa yeye: shilingi 90,000 kwa kichwa. Mama alipokuja kunisimulia alikuwa hana hasira na dalali. Alikuwa na hasira na nafsi yake, kwamba hakuuliza. Tulipopiga hesabu tukaona majogoo peke yake, kama angeyapeleka sokoni, yangekula karibu nusu ya ile 60,000.

Dalali ana haki ya kulipwa, kwa sababu kumleta mgeni ni kazi na ina gharama. Ila bei ya mwenye nyumba inatajwa kabla ya siku, na nusu inalipwa kabla nazi haijaanguliwa. Asiyekubali hivyo mwacheni apite.

Na bei hiyo inatoka wapi? Haitoki kwa jirani, inatoka kwenye daftari. Nitoe mfano, na kila mtu aweke bei za soko lake. Wageni 6. Mchele kilo moja na nusu, 4,500. Nazi 6 kwa 1,200, ni 7,200, na uzihesabu hata kama ni zako, maana ungeziuza. Samaki kilo 2, 24,000. Viungo, mafuta na kachumbari 8,000. Mkaa na kuni 5,000. Maji ya kunywa na ya kunawa 6,000. Wasaidizi wawili, mmoja wao mkwezi, 20,000. Siku yako mwenyewe 20,000. Sabuni, usafi wa choo na vyombo vitakavyovunjika 5,300. Jumla 100,000. Ukitoza 35,000 kwa mgeni unapata 210,000, umebaki na 110,000.

Wakija wawili je? Wengi wanadhani gharama inashuka mpaka theluthi. Haishuki. Mchele, nazi, samaki na viungo vitapungua, utatumia msaidizi mmoja na maji ya 3,000, lakini siku yako ni ileile, mkaa ni uleule, choo ni kilekile. Mimi nilipoandika nilipata 62,400, na mapato ni 70,000. Umeshinda juani kwa faida ya 7,600. Kwa hiyo wekeni kiwango cha chini: wageni wakiwa pungufu ya wanne, wanalipia wanne au wanasubiri kundi lingine. Hili si ukali, hata mwenye daladala haondoi gari na abiria wawili.

Kuhusu afya nitasema kama bwana shamba, na mengine muulizeni bwana afya. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sawasawa, mgeni asionjeshwe kibichi, na msitumie shamba la mihogo michungu kwa kazi hii hata kidogo, kwani sumu yake haichezewi. Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Kabla ya kuanza, ulizeni kila mgeni kama kuna chakula kinachomdhuru. Kuna watu ambao karanga au korosho kidogo tu inawafunga pumzi, na wengine samaki na kamba. Mwenye hali hiyo mara nyingi atasema mwenyewe akiulizwa, lakini asipoulizwa anaweza kudhani pilipili ni pilipili tu. Wanaoshika chakula wapime afya zao. Na choo kiwe na maji na sabuni, mlango ufungike. Kuliko kununua viti vipya, tengenezeni choo.

Ofisi ya biashara ya halmashauri muipitie mapema, na mtendaji ajue, kabla hamjaweka kibao barabarani. Ni bora kuuliza ukaambiwa hulipi kitu kuliko kufungiwa siku wageni wako mezani.

Lipo pia suala la nyumba zetu. Mwezi wa Ramadhani kupika mchana na wageni ni vigumu, na si lazima. Wapo wanaoweza kuwapokea jioni kwa futari, na nadhani hiyo ni asubuhi na mchana mliopumzika mkalima, kisha mgeni akaona uji wa pilipili manga, tambi na mihogo ya nazi kwa wakati wake. Pombe, mavazi na picha za watoto yasemwe mwanzoni kwa upole. Mgeni aliyeambiwa mapema hakasiriki.

Wafanyabiashara wadogo msione kwamba hili ni la wenye mashamba peke yao. Mwenye nyumba mmoja hawezi kuwa na kila kitu, na hiyo ndiyo nafasi yenu. Samaki atanunuliwa asubuhi kwa mchuuzi. Vifumbu, mbuzi, nyungo na mikeka mgeni akivitumia kwa mkono wake atataka kimoja cha kupeleka kwao, na hapo aliyesuka awepo au bidhaa yake iwepo na bei imeandikwa. Wanaolima mwani Mlingotini wana cha kuonyesha pia. Waitaliano hawamwachii mgeni aondoke mkono mtupu. Sisi tunamsindikiza kwa maneno mazuri tu.

Kuna ninaloliogopa. Mkulima akionja 110,000 ya siku moja, anaacha palizi. Mihogo inamezwa na majani, minazi haisafishwi, na baada ya mwaka wageni wanaletwa kwenye pori. Mwaka 2020 korona ilipofunga safari za dunia, aliyekuwa na wageni peke yao alikaa na sufuria tupu, aliyekuwa na shamba alikula muhogo. Hata bila korona, masika yakikolea wageni wanapungua. Ndiyo maana kanuni ile ya kilimo kwanza naipenda, na hatuhitaji kungoja mtu atuwekee. Kikundi cha nyumba tano au sita kinaweza kujiandikia: wageni wasizidi kumi kwa siku, zamu inazunguka, nyumba yenye shamba lililoachwa inarukwa mpaka ilimwe. Na fedha apokee mkononi aliyepika. Nalisema hili wazi kwa wanaume wenzangu, kwa sababu nimeona kikundi cha akina mama kikifa kwa fedha kupitia mfuko wa shati la mtu ambaye hakukuna hata nazi moja.

Alhamisi asubuhi nitakuwa Kaole tena kwa yule kijana. Tunakata minazi miwili iliyokufa na kuchoma magogo, maana chonga huzaliana humo. Ng'ombe wake bado yupo. Baada ya kazi tutakaa na daftari, yeye na yule mama wa majogoo wawili, ambaye ameshasema mbele yangu kwamba kundi lijalo ataanza na 40,000 kwa kichwa na hapunguzi. Anayetaka kukaa nasi aje na bei za soko za wiki hii, za samaki hasa, kwani zangu hapo juu huenda zimeshapitwa.